Uchokozi na Ukatili: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua kadhaa zilizotufikia mwezi huu zinagusa jambo moja, ingawa kila mwandishi amelikabili kwa upande wake: ni lini ukali wa mtu huwa sehemu ya kawaida ya maumbile yake, na ni lini huwa umegeuka kuwa ukatili usiovumilika? Nimeona ni vyema nizijibu pamoja, kwa sababu katika kazi ya ushauri nasaha hapa Nairobi nakutana kila mara na watu walioumizwa na kuchanganywa kwa mambo haya mawili. Mtoto huitwa mhalifu kwa kumsukuma mwenzake, huku mtu mzima akisamehewa unyama wa miaka mingi kwa maelezo kwamba eti ana hasira za karibu. Majina ya waandishi na baadhi ya maelezo yao yameondolewa ili kuwalinda.

Je, ukatili umo katika damu yetu?

SWALI: Mshauri, pokea salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na jioni hukutana na wazee wenzangu kwa kinyozi mmoja hapa Ngara. Juzi tulibishana sana. Mmoja wetu alishikilia kwamba binadamu ni mnyama mkali kwa maumbile, kwamba vita na mauaji vimo katika damu yetu, na kwamba dini na serikali hufunika tu kile kilichomo. Mwingine alisema mtu huzaliwa mwema na ubaya hufunzwa baadaye. Je, uchokozi na ukatili ni kitu kimoja? Na je, tumezaliwa navyo? Mwalimu mstaafu, Ngara.

JIBU: Mwalimu, pokea heshima zangu, na uwasalimie wazee wenzako. Niruhusu nianze na maana, kwa kuwa mabishano ya aina hii hukwama pale ambapo kila mmoja ana jambo lake akilini.

Wanasaikolojia huita uchokozi tendo lolote ambalo mtu hulifanya kwa nia ya kumdhuru mwenzake ambaye hapendi kudhuriwa. Uwanja huo ni mpana sana. Ndani yake yumo mtoto anayemfinya mwenzake ili amnyang'anye mwanasesere, jirani anayeeneza uvumi ili mwenzake aaibike kanisani, dereva anayemtukana mwingine katika msongamano wa Barabara ya Thika, na pia mtu anayemdunga mwingine kisu. Kwa wengi wa wanasaikolojia hao, ukatili ni ncha ya mwisho ya uwanja huo, yaani uchokozi unaokusudia madhara makubwa ya mwili. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2002 kuhusu ukatili na afya, lilikwenda mbali zaidi na kuueleza ukatili kuwa ni matumizi ya makusudi ya nguvu au mamlaka, kwa vitisho au kwa vitendo, dhidi ya nafsi ya mtu mwenyewe, dhidi ya mtu mwingine au dhidi ya jamii, ambayo huleta au yanaelekea kuleta jeraha, kifo, madhara ya kisaikolojia, kudumaa kwa makuzi au kunyimwa mahitaji.

Ukiyatazama maelezo hayo kwa makini, Mwalimu, utaona kwamba hayataji hasira popote. Yanauliza nani ana mamlaka, ameyatumia vipi, na nani ameumia. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi maisha yake yote akibishana na kufoka bila kuwahi kuwa katili, na mwingine akatenda ukatili mkubwa huku sauti yake ikiwa tulivu. Sisi Wakenya tunalijua hilo kwa uchungu. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki kuchunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilihesabu vifo 1,133, na ikaeleza kwamba ingawa katika sehemu fulani ghasia zililipuka zenyewe, katika sehemu nyingine zilipangwa na kuratibiwa. Anayepanga, anayetoa fedha na anayeteua siku si mtu aliyepandwa na hasira. Ana hesabu zake.

Watafiti hutenganisha uchokozi wa namna mbili. Upo ule wa moto, unaomlipuka mtu anapohisi ametishwa au amedhalilishwa, na upo ule wa baridi, unaopangwa ili kupata jambo fulani. Richard Wrangham, ambaye kwa miaka mingi amewachunguza sokwe wa msitu wa Kibale nchini Uganda, anasema kwamba binadamu akilinganishwa na sokwe ni mpole mno katika ule wa moto, lakini uwezo wake katika ule wa baridi ni wa kutisha. Mimi naona hoja hiyo inaeleza mengi kuhusu nchi yetu na nyinginezo, kwani tunatumia nguvu nyingi kuwahubiria vijana wapunguze jazba, na nguvu kidogo sana kuwafuata watu wazima wenye utulivu waliowatuma.

Sasa tuje kwenye suala la kuzaliwa nao. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alifundisha katika maandishi yake ya mwaka 1963 kwamba uchokozi ni silika inayojikusanya ndani ya kiumbe hadi itafute mahali pa kutokea. Rafiki yako wa kwanza anasimama upande huo. Kundi la wanasayansi lililokutana Seville, Uhispania, mwaka 1986 lilisimama upande wa pili, likatoa tamko ambalo UNESCO ililikubali mwaka 1989, likisema kwamba si sahihi kisayansi kudai kuwa tumerithi kutoka kwa wanyama mwelekeo wa kupigana vita, au kuwa vita vimo katika maumbile yetu. Nia ya tamko hilo ilikuwa njema, na sehemu kubwa ya maneno yake yamesimama, ila lilipita haraka juu ya mambo yaliyokuwa tayari yanajulikana. Katika hifadhi ya Gombe nchini Tanzania, Jane Goodall na wenzake waliona kati ya mwaka 1974 na 1978 jinsi kundi moja la sokwe lilivyowavizia na kuwaua madume wa kundi jingine dogo, mmoja baada ya mwingine, ingawa awali makundi hayo yalikuwa jamii moja. Uwezo upo, na si kwa binadamu peke yake.

Hata hivyo, ushahidi unaonigusa zaidi umetoka hapa kwetu. Katika miaka ya 1980, nyani wa kundi moja la Masai Mara walianza kwenda kwenye jalala la hoteli ya watalii kutafuta mabaki ya chakula. Walioweza kufika pale walikuwa madume wakali zaidi, kwa sababu iliwabidi kupambana na kundi jingine lililokuwa limelimiliki jalala hilo. Nyama iliyotupwa pale ilikuwa na kifua kikuu, na madume hao wakafa, wakabaki majike, watoto na madume wapole. Robert Sapolsky, mtafiti Mmarekani aliyekuwa akiwafuatilia, aliona kundi zima likitulia: madume waliacha kuwaonea wadogo wao, na kusafishana manyoya kukaongezeka. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, madume wote waliokuwemo walikuwa wageni, kwa kuwa dume wa nyani akibalehe huhama kundi alimozaliwa, na wageni hao nao walikuwa wameshika upole ule ule. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walichapisha matokeo hayo mwaka 2004. Madume hao walitoka katika makundi ya kawaida, wakiwa na damu na homoni za nyani wengine wote. Walichokikuta tofauti ni mapokezi, kwa sababu majike wa kundi lile waliwakaribisha mapema na madume wenyeji hawakuwatesa. Kama nyani wanaweza kuishi hivyo, nawaomba wazee wa Ngara wasimwambie kijana yeyote kwamba ukatili ni damu.

Mtoto anayeuma wenzake

SWALI: Mshauri, mwanangu wa kiume ana miaka 3. Katika chekechea huwauma wenzake na kuwapiga kwa vitu. Mwalimu wake ameniambia mbele ya wazazi wengine kwamba mtoto huyu ataishia jela. Baba yake anasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba dawa ni kiboko. Nina hofu kubwa. Mama, Umoja.

JIBU: Mama, pole kwa aibu uliyotiwa mbele ya wazazi wenzako. Haikustahili, na maneno yale hayana msingi.

Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada aliyewafuatilia watoto kwa miaka mingi, alionyesha jambo ambalo liliwashangaza wengi: umri ambao binadamu hupiga, huuma na kusukuma mara nyingi zaidi kuliko umri mwingine wowote ni kati ya miaka 2 na 4. Si ujana, wala si utu uzima. Mtoto wa umri huo hajafundishwa uchokozi na mtu. Anachofundishwa, siku baada ya siku, ni kuudhibiti. Kadiri lugha yake inavyokua, ndivyo anavyopata njia ya kusema "nataka" na "sitaki" bila meno, na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huzuia misukumo, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Wengi hupunguza kupiga kabla ya kuingia darasa la kwanza. Wachache sana ndio wanaobaki katika kiwango cha juu, na hao huhitaji msaada wa mapema, si laana ya mapema.

Methali aliyoitaja baba ni ya kweli, ila tofauti yetu ni juu ya namna ya kumkunja samaki huyo. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kwamba kuchapwa kunaambatana na kuongezeka kwa uchokozi wa mtoto. Si ajabu. Albert Bandura alikuwa ameshaonyesha mwaka 1961, kwa watoto wa shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, kwamba waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa waliiga mapigo yale yale na hata maneno yale yale. Mtoto anayechapwa kwa kosa la kupiga anapata somo moja tu, nalo ni kwamba mwenye mwili mkubwa ndiye anayeruhusiwa. Zaidi ya hayo, Katiba yetu katika Kifungu cha 53 inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, kwa hiyo mwalimu asije akapewa ruhusa hiyo hata na mzazi.

Mwanao anapouma, mshike mkono mara moja kwa uthabiti, mtazame usoni, mwambie kwa maneno machache kwamba kuuma kunaumiza, kisha mpe sentensi ya kutumia badala ya meno: "Nipe zamu yangu." Usihutubu, kwa kuwa hotuba ndefu humpita. Angalia pia saa ambazo jambo hili hutokea, maana mara nyingi ni njaa, usingizi au msongamano wa watoto wengi katika chumba kidogo. Kama kufikia miaka 5 hakuna nafuu yoyote, au kama anawaumiza wanyama, au hazungumzi kama watoto wa rika lake, mpeleke kwa daktari wa watoto ili apimwe, pamoja na masikio yake. Mtoto asiyesikia vizuri huchanganyikiwa, na kuchanganyikiwa huko huweza kutokea mikononi.

Hajawahi kunipiga

SWALI: Mshauri, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mume wangu hajawahi kunipiga. Akikasirika huvunja vyombo, hupiga ngumi mlango, na mara mbili amevunja simu yangu. Mshahara wangu humpa wote, na nambari ya siri ya M-Pesa yangu anayo yeye. Nikichelewa kutoka kwenye chama, nakuta amefunga geti na nalala kwa jirani. Kazini kwake mjini anasifiwa kwa upole, na hata bosi wake anayemgombeza hamjibu. Tulikwenda kwa pasta, akatuambia ni hasira tu, kwamba nimwombee, na kwamba mume wangu atafute ukumbi wa mazoezi apige mfuko wa ndondi ili aitoe hasira. Je, nikisema ninaonewa nitakuwa nimekosea? Mke, Kasarani.

JIBU: Dada yangu, hujakosea. Huo ni ukatili, na nauita hivyo bila kusita.

Nisaidie tuisome barua yako pamoja. Umeandika kwamba bosi wake humgombeza na yeye humvumilia. Mtu ambaye hasira inamtawala hana nafasi ya kuchagua aliye mbele yake, lakini mume wako anachagua vizuri sana: kazini anajizuia, nyumbani anaachilia. Umeandika kwamba amevunja simu yako mara mbili, wala hukutaja kwamba amewahi kuvunja yake. Kufunga geti hakuhitaji jazba hata kidogo, na kukusanya mshahara wako kila mwezi ni kazi ya mtu mwenye kumbukumbu na mpango. Ngumi inayopiga mlango huwa inazungumza na aliyesimama karibu na mlango, na wewe umeuelewa ujumbe wake, ndiyo maana unalala kwa jirani bila kupiga kelele. Huu ndio uchokozi wa baridi niliomweleza Mwalimu wa Ngara, uliovishwa vazi la hasira ili usamehewe.

Sheria ya Kenya inakuunga mkono. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 haiishii kwenye kipigo. Inataja pia kuharibu mali, vitisho, dhuluma ya kihisia na kisaikolojia, na dhuluma ya kiuchumi, na inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya ulinzi kwa anayedhulumiwa. Kifungu cha 29 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na mume ni miongoni mwa watu hao binafsi.

Kuhusu ushauri wa mfuko wa ndondi, sina shaka kwamba pasta alikusudia mema, na wengi wanaamini hivyo, lakini imani hiyo imepimwa na imeshindwa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman aliwakasirisha wanafunzi kwa makusudi katika jaribio, kisha akawaacha baadhi yao wapige mfuko huku wakimfikiria aliyewaudhi. Hao walitoka na hasira zaidi na uchokozi zaidi kuliko wenzao waliokaa kimya kwa dakika chache. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walichapisha uchambuzi wa tafiti 154, wakakuta kwamba kinachopunguza hasira ni shughuli zinazoushusha mwili, kama kupumua polepole, kutafakari na kulegeza misuli, wala si zile zinazoupandisha. Kwa hiyo hata kama tatizo la mume wako lingekuwa hasira peke yake, mfuko ungemfundisha kupiga. Na tatizo lake si hasira peke yake. Mafunzo ya kutuliza hasira humsaidia mtu anayelipuka kisha akajutia mlipuko wake, lakini mtu anayefaidika na woga wa mwenzake hana cha kutuliza. Anachohitaji ni kuwajibishwa na watu anaowaheshimu, na kufundishwa upya kwamba mke si mali yake.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulizingatie sana. Msirudi pamoja kwenye ushauri wa wanandoa kwa sasa. Pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, anachokisema mbele ya mshauri anaweza kukilipia nyumbani. Tafuta msaada peke yako kwanza. Nambari ya simu 1195 hupigwa bila malipo kwa masuala ya dhuluma za kijinsia, na Kituo cha Gender Violence Recovery Centre katika Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikiwahudumia waathiriwa tangu mwaka 2001. Weka nakala za kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nguo chache na fedha kidogo kwa mtu unayemwamini, huenda ni jirani huyo huyo. Mweleze wazi kinachoendelea, mkubaliane neno moja ambalo ukimtumia ataelewa aite msaada. Ukiamua kuondoka, usimtangazie mume wako siku wala mahali, kwa sababu wakati wa kutengana ndio ambao hatari huongezeka, hata kwa wale ambao hawakuwahi kupigwa hapo awali. Badilisha nambari ya siri ya M-Pesa wakati utakapokuwa mahali salama, usifanye hivyo ukiwa bado chini ya paa lake.

Wala usiibebe lawama ya kwamba hukuomba vya kutosha. Endelea kuomba kama moyo wako unavyotaka, na upige simu hiyo.

Naitwa mchokozi kazini

SWALI: Mimi ni msimamizi wa ghala katika Industrial Area. Nikimwambia dereva aliyechelewa kwamba amechelewa, au nikikataa kutia sahihi mzigo usiotimia, wanasema mimi ni mchokozi. Mwenzangu mwanamume hufanya hivyo hivyo na huitwa mchapakazi. Je, nibadilike? Msimamizi, Mlolongo.

JIBU: Dada Msimamizi, hapana. Kusimamia haki na wajibu wako si uchokozi, kwa sababu nia yako si kumdhuru dereva bali kulinda mzigo uliokabidhiwa. Utafiti wa Victoria Brescoll na Eric Uhlmann wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke anayeonyesha hasira kazini hushushwa hadhi machoni pa wanaomtazama, ilhali mwanamume huweza hata kupandishwa kwa hasira ile ile. Huo ni upungufu wa wanaotazama. Andika makosa kwenye daftari la ghala, ongea juu ya mzigo na saa bila kumgusa mtu utu wake, na sahihi yako iendelee kuwa ngumu kupatikana.

Nilizuia njia

SWALI: Mshauri, mimi ni mwendesha bodaboda Kawangware. Mwezi uliopita kulipigwa yowe la mwizi, kijana akakimbia upande wa steji yetu. Nilimzibia njia kwa pikipiki. Sikumpiga. Umati ukamfikia, wakampiga kwa mawe na mbao hadi polisi walipokuja. Hakufa, lakini jicho lake nadhani limeharibika. Baadaye nikasikia kwamba huenda si yeye aliyeiba. Mimi si mtu wa vurugu, sijawahi kupigana tangu shule. Silali vizuri. Je, mimi ni katili? Na nikisikia yowe tena nifanye nini? Mwendesha bodaboda, Kawangware.

JIBU: Ndugu yangu, kukosa usingizi kwako kunaonyesha kwamba dhamiri yako inafanya kazi, na sitajaribu kuinyamazisha. Ulishiriki katika ukatili. Hukuwa na hasira, hukuinua mkono, na tabia yako si ya uchokozi, lakini bila pikipiki yako kijana yule pengine angefika mbali. Nakwambia hivi kwa sababu nakuheshimu, na kwa sababu wapo watu wengi wapole katika jiji hili wanaoamini kwamba upole wao unawakinga.

Upole haumkingi mtu. Mwanasaikolojia Stanley Milgram alilionyesha hilo katika Chuo Kikuu cha Yale kuanzia mwaka 1961. Aliwaagiza watu wa kawaida wamtie mtu wa chumba cha pili mshtuko wa umeme kila alipokosea jibu, na kiwango kiongezwe kila mara. Umeme haukuwepo na aliyekuwa akilia alikuwa akiigiza, ila wao hawakujua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika hadi volti 450. Hawakuwa na chuki na mtu yule. Walitokwa na jasho, walitetemeka, waliomba ruhusa ya kuacha, na bado waliendelea. Watu wengine walipoachiwa wachague kiwango wenyewe katika jaribio jingine, wengi walibaki chini kabisa. Kama uchokozi wao ndio ungekuwa chanzo, hiyo ndiyo ingekuwa nafasi ya kuuonyesha.

Tunapenda kusema kwamba umati hupandwa na wazimu. Stephen Reicher, aliyechunguza ghasia za mtaa wa St Pauls mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1980, aligundua kwamba umati una kanuni zake: ulichagua wa kushambuliwa na wa kuachwa. Vivyo hivyo kwenye steji yenu. Mtu aliyekuwa na jiwe hakumpiga mama mboga aliyesimama kando. Umati ule uliamini unatenda haki, na kuamini hivyo ndiko kunakoufanya uwe hatari kuliko mlevi mwenye hasira, kwa sababu hasira hupoa lakini anayejiona mwenye haki huendelea hadi amalize.

Hata hivyo, hapo ndipo penye nafasi yako. Watafiti walitazama picha za kamera za barabarani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, wakachapisha mwaka 2019 kwamba katika ugomvi tisa kati ya kumi, alikuwepo angalau mtu mmoja wa kando aliyeingilia kati kutuliza, na kwamba kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano huo ulivyoongezeka. Kwa hiyo katika kila umati wapo wanaosubiri mtu wa kwanza. Wewe ni mtu wa steji, unajulikana, na sauti yako ina uzito ambao mpita njia hana. Zungumza na mwenyekiti wa steji yenu sasa, kabla ya yowe jingine, mkubaliane kwamba anayeshukiwa atashikwa na kuketishwa chini katikati ya pikipiki zenu hadi polisi wafike, na pia nani na nani watapiga 999 au 112. Yowe likipigwa, waite wenzako kwa majina yao, kwa sababu mtu aliyeitwa jina lake hutoka katika umati na kuwa yeye mwenyewe tena. Kama mawe yameshaanza na uko peke yako, usijitupe katikati. Piga simu, na upige honi bila kukoma.

Kuhusu kijana yule, nadhani usingizi wako hautarudi kwa ushauri peke yake. Kuandikisha taarifa kuhusu ulichokiona ni jambo jema, lakini usiende kituoni kabla ya kuonana na wakili, kwa sababu nawe ulihusika na unapaswa kujua haki zako. Kama huna uwezo wa kumlipa, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na kama familia yake inaishi karibu na inachanga fedha za matibabu ya jicho, changia bila kungoja kuombwa.